Fungu la Fabrice

Nyakisasa, Ngara
14 Septemba 2024

Kwako Fabrice,

Pokea salamu za nyumbani. Tu wazima, kiasi cha kumshukuru Mungu. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana kilema cha mguu lakini ananyonya. Renatus wa shangazi ameoa msichana wa Biharamulo, mpole, na mkono wake wa kupika si haba. Mvua bado. Mawingu yanajikusanya upande wa Burundi, tunaanika macho, halafu yanatawanyika. Mama anakohoa asubuhi tu.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Usijiulize kwa nini nakuandikia karatasi wakati una simu tatu. Sikupigii, na ukipiga sipokei, tangu siku ile ulipomweka Mama hewani kwenye hicho kipindi chako cha mtandaoni bila kumwambia, watu wakamcheka alivyosema "chakura". Karatasi haina sauti ya kurekodi. Hii namwachia Mwatumu pale kwenye mgahawa wake Nyakanazi, yeye atampa kondakta wa basi la Arusha, nawe utajibu kwa njia hiyohiyo.

Juzi mimi na Mama tulikuwa tunarudi kutoka Kaniha kumsalimia mama mdogo Iteka. Tukakaa kwa Mwatumu kusubiri gari. Mwatumu alikuwa na furaha ya kweli. "Mama Esperansia, njoo umwone kijana wetu! Amekuwa mtu mkubwa!" Akaisimamisha simu yake mezani, ikaegemea kopo la chumvi. Ukatokea wewe, koti jeupe la mpishi, umefungwa kitambaa machoni, na nyuma yako maandishi makubwa: FUNGA MACHO. Madereva wa malori wakasogea na sahani zao. Ukalishwa kijiko, ukasema jibini ya mbuzi, Ufaransa. Kweli. Ukapewa kikombe, ukasema pombe ya mchele, Japani. Kweli. Kabichi iliyochachushwa na pilipili, ukasema Korea, na chai ile wanayonyonya kwa mrija ukasema Argentina, zote kweli. Dereva mmoja Mkongo alipiga meza kwa furaha kama wewe ni mdogo wake. Mama alikuwa anatabasamu, Fabrice. Tangu Baba afe sijamwona akitabasamu vile.

Halafu ikaletwa ile chupa.

Aliyeitambua wa kwanza ni Mwatumu, na Mwatumu ni Mwislamu, hajaonja pombe tangu azaliwe. Aliitambua kwa sababu ilipita mikononi mwake: chupa ya soda, mdomo umezibwa kwa jani la mgomba ili ipumue isipasuke njiani, shingoni uzi mwekundu wa Mama. Akasema, "Si ile niliyompa kondakta?" Ukamiminiwa. Ukanywa. Ukakunja uso, ukatema kwenye bakuli, ukasema, "Hii ni siki ya matofaa ya Ureno, na imeharibika. Mwenye nayo akasugulie vyoo." Watu wa huko kwako wakaangua kicheko, na wewe ukacheka nao.

Hilo lilikuwa fungu lako la kuondoa msiba wa Baba.

Au huko Arusha umesahau kwamba kwetu msiba hauondoki wenyewe? Mwaka ukiisha, mjane anapika urwagwa, pombe ya ndizi za shamba la marehemu. Kila mtoto anakunywa, anataja mbele ya watu: hii ni pombe ya nyumbani kwa Leonidas, baba yetu. Aliye mbali anapelekewa fungu lake, analinywa hukohuko, analitaja, na neno lake linarudi. Mimi nilitaja. Nice, mdogo wetu, alitaja huku analia. Tukawa tunasubiri neno lako, na neno lako ndilo hilo la vyoo. Mpaka watoto wote wataje, mjane havui kilemba cheusi, wala hatii mbegu kwenye shamba la mumewe. Unalijua hilo tangu ukiwa na kamasi.

Mama aliinuka. Alivuta kilemba chake mbele, akasema twende tukasubirie gari barabarani. Tangu siku hiyo hajakutaja jina.

Jibu upesi.

Dada yako,
Esperansia


Arusha
6 Oktoba 2024

Dada Esperansia, shikamoo.

Na Mama umfikishie shikamoo yangu, umwambie namkumbuka. Mimi mzima, kazi ni nyingi, hoteli imejaa wageni na msimu haujaisha. Nimefurahi kusikia Renatus ameoa, nampa pole mke kwa maana Renatus namjua. Baridi ya hapa imepungua.

Barua yako imeniumiza. Umeandika kama vile nimeua mtu.

Dada, hukai jikoni kwetu ndiyo maana huelewi. Vitu vya Funga Macho mimi sivichagui. Anavichagua Clarisse, mwenzangu wa kazi, na mimi siambiwi, ndiyo maana ya mchezo. Ile chupa niliiweka kwenye friji ya wafanyakazi nisubiri siku ya mapumziko niinywe kwa heshima. Clarisse akadhani ni ya kipindi, akaichukua. Kosa liko wapi? Na ilikuwa imekaa siku ngapi kwenye buti la basi, juani, pamoja na dagaa za watu? Urwagwa ukishapita siku zake unakuwa mkali, ukali unafunika harufu, na harufu ikifunikwa hata Baba mwenyewe asingeujua. Hayo ni mambo ya kazi yangu, siyatungi.

Video siwezi kuifuta, ni mali ya hoteli, na ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Watu wamependa pale ninapotema.

Mwambie Mama avue kile kilemba. Jamani, dunia imekwenda mbele. Nani atamkamata?

Nimempa kondakta boksi dogo la Mama: jibini nzuri, zeituni, na chokoleti ya Ubelgiji. Naye aionje dunia.

Mdogo wako,
Fabrice


Nyakisasa
27 Oktoba 2024

Fabrice,

Hatujambo. Nice amemaliza mitihani. Yule mwanambuzi kilema amejifunza kuruka kwa miguu mitatu, na ni mtundu kuliko mwenzake. Mvua imekuja.

Boksi lilifika. Chokoleti Nice aliimaliza. Zeituni tulidhani zambarau, tukatia mdomoni, tukatema mpaka machozi. Hiyo jibini yako ina ukoga wa kijani na buluu ndani, inanuka miguu. Mama alidhani imekuozea safarini na wewe hujui. Akasikitika, akasema masikini mtoto amepoteza hela, akaenda kuizika nyuma ya nyumba mbwa asije akaila akafa. Kwa hiyo na sisi tumetema vyakula vya watu, sikatai. Ila hatukumwita mtu atupige picha tukitema, wala hatukusema mwenye nacho akasugulie vyoo.

Sasa nikuambie mvua imekuja kufanya nini. Jirani yetu Anastazi maharage yake yamefika kifundoni. Ya Renatus yameota. Shamba la Baba liko jeusi, tupu, limelimwa likaachwa. Mama anasimama ukingoni asubuhi, kilemba kichwani, mbegu ziko kwenye ungo ndani, anaangalia tu. Nimemsihi. Katekista amekuja kumsihi. Renatus alisema atapanda yeye kwa siri, Mama akamwambia akithubutu asije tena hapa. Unauliza nani atamkamata! Hakuna wa kumkamata. Anaapa mwenyewe na anatimiza mwenyewe, ndivyo alivyo, na wewe ulinyonya kwake.

Mimi nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, jionee. Lakini Mama hana hasira, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Jana tukichambua mchicha akasema, bila kukutaja jina, "Labda ulimi wake umekufa. Kuonja onja vitu vya watu wote hao, ulimi unachoka, unakufa. Kama umekufa hana kosa. Ni mgonjwa." Akaniambia nikuulize. Ukijibu kwamba ndiyo, ulimi umekufa, huonji tena kitu, basi yeye atakuhesabu mgonjwa, na mgonjwa fungu lake linanywewa na nduguye. Nice atalinywa kwa niaba yako, msiba utaisha, na mbegu bado zinaweza kuwahi.

Amekufungulia mlango mpana hivyo. Andika mstari mmoja tu. Hata kama ni uongo, Fabrice, mimi sitauliza.

Esperansia


Arusha
30 Novemba 2024

Dada Esperansia, shikamoo.

Salamu kwa wote. Mimi sijambo. Barua yako ilichelewa kwa sababu kondakta aliisahau kwenye koti lake.

Ulimi wangu haujafa!

Mnaniambia niandike kwa mkono wangu kwamba siwezi kuonja? Mimi? Wageni wanatoka mabara yote kuja kukaa mbele yangu na vikombe vyao, na sijawahi kukosa. Mmoja alileta samaki aliyezikwa ardhini kwao kwenye barafu, nikamtajia nchi kabla hajakaa. Mzee mmoja alinionjesha asali, nikamwambia nyuki walikula maua ya mkahawa, akanivulia kofia. Mnataka niseme sijui ladha ya nyumbani kwetu?

Nilijua. Nilijua kabla haijafika kooni. Nilijua ni ndizi za kule chini karibu na mtaro, si za juu, kwa sababu za juu ni tamu zaidi. Nilijua mtama ulikaangwa ukaungua kidogo, huyo ni Nice, hajawahi kuwa na subira na chungu. Nilijua nyasi za kukamulia ndizi ni za bondeni, zile laini. Baba hakukamulia nyasi za bondeni hata siku moja, alipanda mlimani kukata zile ngumu hata mvua ikinyesha. Kwa hiyo nilijua pia kwamba aliyekamua si Baba. Nilisimama pale na kitambaa machoni, watu wananisubiri, na hicho ndicho kilichokuwa mdomoni mwangu.

Ulitaka niseme nini? Kwamba hii imetoka kwenye gogo la kukamulia ndizi nyuma ya nyumba yetu, imekandwa kwa mikono na nyasi, ikafungwa kwenye chupa ya soda iliyookotwa? Meneja yupo, wageni wapo, Clarisse ameanza kucheka kabla hata sijaonja kwa jinsi chupa ilivyo. Niliona aibu. Basi, nimesema. Nikatafuta kitu cha mbali nikakitaja.

Na usinihubirie habari za Baba. Aliniita mlamba sahani za wazungu mbele ya watu wote siku ya ubatizo wa mtoto wa shangazi. Akasema nikifa usinizike na huo ulimi wako. Wewe ulikuwepo, hukufungua mdomo. Sikuja kuzika kwa sababu aliniambia nisije. Nilimtii. Leo mnataka nimtaje?

Fabrice


Nyakisasa
19 Desemba 2024

Fabrice,

Nice amefaulu. Mke wa Renatus ni mjamzito. Krismasi tutachinja jogoo, hatuna zaidi.

Barua yako nilianza kumsomea Mama jikoni. Nilipofika pale unaposema ulijua, nikasita, nikaruka. Nikamsomea asali na wageni wako, nikarukia salamu ambazo hukuziandika. Mama alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini, akasema, "Soma ulichoruka." Nikamwambia hakuna. Akasema, "Esperansia, mimi sijui kusoma, lakini najua mtu akikanyaga shimo." Nikasoma. Nikasoma mpaka aibu yako.

Aliuliza kitu kimoja. "Alijua na nyasi?" Nikasema ndiyo, alijua na nyasi. Akaendelea kupepeta.

Mimi sasa nakuambia, kwa maana Mama hakuambii. Afadhali ungekuwa umesahau. Aliyesahau anakumbushwa, na aliyekufa ulimi anahurumiwa, Mama alishakuwekea huruma yake mezani ukaipiga teke kwa sababu ya sifa. Wewe ulijua mpaka upande wa shamba ndizi zilikotoka, mpaka mkono wa Nice, mpaka mkono wa Baba ambao haukuwepo, na ukiwa na vyote hivyo mdomoni ukatema. Mtu ambaye hana ladha hawezi kufanya ubaya huo. Ilibidi uwe fundi ndiyo uweze.

Baba alisema yale maneno, ni kweli, na mimi nilinyamaza, ni kweli. Alikuwa amekunywa. Kesho yake alitembea mpaka kwa Anastazi kuazima simu akupigie. Ulikata. Alipiga tena ukakata. Hilo hulijui au unalijua? Sitaki jibu.

Mvua za vuli zimekwisha na shamba halikupandwa. Msimu huu maharage tunanunua, sisi, watu wa Nyakisasa. Zimebaki mvua za masika. Mama amesema atapika tena mwezi wa pili. Njoo. Njoo peke yako, na miguu yako, unywe mbele ya watu, utaje. Nitakupokea Nyakanazi na sitakuuliza kitu njia nzima. Nimemwahidi Mama hivyo, na itaniwia vigumu.

Esperansia


Arusha
18 Januari 2025

Dada mpendwa Esperansia, shikamoo!

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Mpongeze Nice, nitamletea zawadi.

Nakuja! Na nina habari njema kuliko hiyo. Nilimweleza meneja jambo lote, mwanzo mpaka mwisho, akaguswa sana. Amenipa ruhusa na gari la hoteli. Tutakuja watu watatu, mimi na vijana wawili wa kamera, wapole, watalala Nyakanazi hawatawasumbua. Tutafanya Funga Macho ya pekee, ya nyumbani. Nitafungwa kitambaa mbele ya gogo la Baba, Mama ataninywesha kwa mkono wake, na nitataja. Dada, nitataja mbele ya dunia nzima! Wale wote waliocheka watasikia jina la Leonidas. Kuna heshima kubwa kuliko hiyo? Kosa lilifanyika hadharani, litarekebishwa hadharani.

Mambo machache. Mwambie Mama asivue kilemba mpaka kamera ziwe zimewashwa, kwa sababu kuvua ndiyo sehemu itakayowaliza watu. Chupa iwe ileile ya soda na uzi mwekundu. Na kama itawezekana, Mama aseme maneno machache, aseme vilevile anavyosema yeye, watu wanampenda.

Tarehe nitawatumia.

Wako,
Fabrice


Nyakisasa
23 Februari 2025

Fabrice,

Tu wazima. Yule mwanambuzi wa miguu mitatu alikufa, kifua. Mke wa Renatus anaendelea vizuri. Nice ameanza shule ya bweni na anaandika kwamba maharage ya huko yana wadudu.

Barua yako nilimsomea Mama bila kuruka neno. Safari hii nilisoma kwa makusudi, polepole, na pale kwenye kilemba nilisoma mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwita Renatus, akamwambia akate ndizi. Hakusubiri tarehe yako.

Ndizi za juu, zile tamu. Nyasi nilizifuata mimi mlimani, zimenikata viganja vyote. Renatus alikamua. Mtama alikaanga Mama mwenyewe, haukuungua. Jumamosi ya juma lililopita watu wakakaa uwanjani, Anastazi na wake, katekista, shangazi, mama mdogo Iteka kutoka Kaniha. Hata Mwatumu alikuja kutoka Nyakanazi na sambusa zake, akakaa mbali kidogo na pombe, akasema yeye amekuja kwa ajili ya Mama na si kwa ajili ya gogo. Nilikunywa, nikataja. Nice alipewa ruhusa shuleni, akanywa, akataja, safari hii hakulia.

Likabaki fungu lako. Mama alikuwa amelitia kwenye glasi, si chupa. Watu walidhani atalimwaga chini, kama linavyomwagwa la mtoto aliyekufa. Na mimi nilidhani hivyo, na nikwambie ukweli nilitamani.

Mama alivua kilemba. Akakikunja kikawa chembamba, akakiweka machoni, akakifunga kisogoni. Vilevile alivyokuona wewe kwenye simu ya Mwatumu. Watoto wakasogea mbele waone. Akanyoosha mkono, Nice akamwekea glasi. Akanywa. Hakutema. Alikunywa pole pole mpaka ikaisha, akajifuta mdomo, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Hii siitambui. Sijui ni ya mtoto wa nani."

Akafungua kilemba, hakukirudisha kichwani. Akanipa nikichome, nikakichoma. Shangazi alianza kulia, Mama akamwambia anyamaze, msiba umekwisha, watoto wa Leonidas wote wametaja. Kesho yake baada ya misa alishika jembe. Maharage yameshaingia ardhini shamba zima, mpaka kule mtaroni.

Kwa hiyo msije. Hakuna kilemba cha kupiga picha. Mwatumu ameshaagizwa, vijana wako wa kamera wakifika awape wali washibe, kisha awaonyeshe barabara waliyokuja nayo. Wewe mwenyewe sijui akupe nini, hilo hatukuagiza.

Nilitaka barua iishie hapo. Lakini leo asubuhi, tukipalilia migomba, Mama ameniuliza basi la Arusha linafika Nyakanazi saa ngapi. Nimemwambia sijui. Najua, ila sikutaka kumjibu. Swali ni lako. Mjibu mwenyewe.

Esperansia